Subaru inavuta kushoto na matairi yanalika ndani: nianze na kemba au tou?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Kisasa, Dodoma. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2006, rimu za inchi 17. Mwaka jana niliweka springi fupi, gari likashuka kama sentimita 3. Nilitembea kilomita 8,000 hivi kabla ya kulipeleka alaimenti (kupima na kupanga uelekeo wa magurudumu), na matairi yote mawili ya mbele yakawa yamelika upande wa ndani hadi nyaya karibu kuonekana. Tangu hapo nimefanya alaimenti mara mbili na naambiwa kila kitu ni kijani, yaani kiko ndani ya kipimo cha mashine, lakini gari bado linavuta kushoto, na nikienda moja kwa moja usukani unakaa umepinda. Karatasi ya mashine nimekutumia. Rafiki yangu ananishauri niongeze kemba hasi hadi digrii 3 ili lishike vizuri kona za Nyang'oro ninapokwenda Iringa. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba. Karatasi yako nimeisoma mara tatu. Waliokuambia kila kitu ni kijani walikuwa wanaongelea mstari mmoja tu, ule wa tou ya mbele. Kemba ya mbele kushoto inasomeka hasi 0.2, ya kulia hasi 1.6. Safu ya magurudumu ya nyuma iko tupu, maana yake hayakupimwa kabisa. Hilo limeniuma, kwa sababu ulilipia kazi nzima mara mbili.

Tuelewane maneno kwanza. Kemba ni mlalo wa tairi ukilitazama kutoka mbele: likiinamia ndani kwa juu ni hasi, likiinamia nje ni chanya. Tou ni uelekeo wa matairi ukiyatazama kutoka juu, kama vidole vya miguu ya mtu anayetembea: vimeingia ndani, vimetoka nje au vimenyooka. Kasta, yaani mlalo wa mhimili wa kukatia kona ukilitazama gari kutoka pembeni, tuiache, kwenye gari lako haina marekebisho ya kawaida na sioni dalili yake.

Una dalili tatu, na kila moja ina chanzo chake. Ndiyo maana marekebisho ya kitu kimoja hayakuzimaliza.

Kulika kwa ndani kulitokana na zile kilomita 8,000 ulizotembea baada ya kushusha gari bila alaimenti. Watu wengi huilaumu kemba, lakini mla tairi mkubwa ni tou. Kemba ya hasi digrii moja hulalia upande wa ndani taratibu tu, wakati tou iliyokosewa hulikokota tairi kiubavu muda wote gari linapotembea. Piga hesabu: tairi likitazama nje kwa digrii 0.2 tu, katika kila kilomita linasuguliwa kiubavu kama mita 3.5. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 450, kwa hiyo ukifika Dar tairi hilo limekokotwa kiubavu zaidi ya kilomita moja na nusu. Na digrii 0.2 ni nini? Kwenye rimu yako ni milimita moja na nusu hivi, kitu ambacho jicho halikioni. Kiganja ndicho kinachokiona. Pitisha mkono juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha urudishe. Ukienda upande mmoja ni laini na ukirudi unakwaruza kama meno ya msumeno, hiyo ni tou. Kama tairi ni laini pande zote mbili ila limeisha ndani, hiyo ni kemba.

Kuvuta kushoto kunatokana na tofauti ya kemba. Gari huvuta kuelekea upande ambao kemba yake iko chanya zaidi, na kwako ni kushoto. Ongeza na ukweli kwamba barabara zetu huinamishwa kidogo kushoto ili maji ya mvua yatoke, basi gari linapata sababu mbili za kwenda huko. Tou ya mbele haivuti gari, kwa sababu magurudumu mawili hugawana kosa hilo nusu kwa nusu. Ndiyo maana hata walipoiweka kijani gari liliendelea kuvuta. Kabla ya kuamini maneno yangu, hakikisha upepo uko sawa kushoto na kulia, kisha badilishana matairi ya mbele, la kushoto likae kulia, mradi si yale yenye mshale wa mwelekeo. Kama gari likianza kuvuta kulia, tatizo lilikuwa kwenye tairi.

Sasa hiyo tofauti imetoka wapi? Nina hakika ilizaliwa siku ulipobadilisha springi. Chini ya shokapu ya mbele ya Subaru kuna bolti mbili zinazoishika kwenye nakali, yaani chuma kinachobeba beringi ya gurudumu. Ile ya juu si bolti ya kawaida, ina tumbo lililokaa upande mmoja, na kichwa chake kina alama. Ukiizungusha, sehemu ya juu ya gurudumu huingia ndani au hutoka nje. Hiyo ndiyo marekebisho ya kemba. Fundi akitoa shokapu bila kuweka alama ya chokaa kwenye kichwa hicho, akirudisha anaikaza popote ilipoangukia. Mwezi uliopita nililala chini ya gari la aina yako hapa gereji, alama ya bolti ya kushoto ilikuwa inatazama nje na ya kulia inatazama injini. Mwenye gari alikuwa ameshanunua matairi mawili mapya.

Usukani uliopinda huku tou ya mbele ikiwa kijani ndio unaonipa wasiwasi juu ya nyuma. Magurudumu ya nyuma yasipotazama sawasawa, gari hutembea kiubavu kidogo kama mbwa, nawe unashikilia usukani pembeni ili lifuate barabara. Inawezekana pia walisahau kuufunga usukani katikati kabla ya kugusa tairodi, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu. Lakini gari lililoshushwa halipimwi magurudumu mawili tu. Nyuma kwako tou hurekebishwa kwa bolti yenye tumbo iliyoko kwenye mkono wa pembeni upande wa ndani. Kemba ya nyuma haina marekebisho ya kiwandani, na kushusha gari huiongeza hasi. Ikipita hasi 2 itabidi ununue bolti maalumu za kemba, ikiwa chini ya hapo iache.

Kabla ya mashine, miguu ikaguliwe. Bushi kubwa ya nyuma kwenye mkono wa chini wa mbele ndiyo ya kwanza kuchoka kwenye Impreza, hasa kwa matuta ya vijijini kati ya hapa na Gairo. Fundi aisukume kwa mtaimbo. Ikicheza au mpira ukiwa umepasuka, usilipe alaimenti hata shilingi, kwa sababu vipimo vitabadilika ukishika breki ya kwanza. Boli jointi, tairodi na beringi zikaguliwe siku hiyohiyo.

Kisha mwambie fundi wa mashine afuate mpangilio huu, na usimame hapo ukiangalia. Aanze nyuma, apange tou ya kushoto na kulia iwe sawa, kila upande uingie ndani kwa digrii 0.05 hadi 0.1. Ndipo aje mbele: kemba kwanza, pande zote mbili hasi 1.0, tofauti isizidi 0.3. Tou ije mwisho kabisa, usukani ukiwa umefungwa katikati, iwe sifuri. Akigusa kemba baada ya tou, tou imeharibika tena na lazima airudie. Gari lipimwe na uzito wako ndani. Mimi huweka mfuko wa saruji wa kilo 50 na dumu la maji la lita 20 kwenye kiti cha dereva, na tangi nusu. Likitoka kwenye jeki lisukumwe mita chache mbele ili springi zikae, maana tairi lililotoka kuning'inia hudanganya.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe nyumbani, vifaa vya fundi ujenzi vinatosha. Tafuta sakafu iliyo sawa, uithibitishe kwa mpira wa maji. Ning'iniza timazi mbele ya rimu, upime umbali kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa juu wa rimu na hadi ukingo wa chini. Kwa rimu yako, tofauti ya karibu milimita 8 ni digrii moja. Kushoto na kulia zikipishana milimita 11, kama karatasi yako inavyoonyesha, utaiona bila mashine yoyote.

Rafiki yako ana hoja, ila kipimo chake ni cha watu wa mashindano. Gari likikata kona bodi hulala nje, na mguu wa mbele wa Subaru, kwa jinsi shokapu ilivyosimama, hupoteza kemba pale pale unapoihitaji. Tairi hubaki limesimama kwa ukingo wa nje. Kemba hasi hulirudisha likanyage kwa upana wake wote, na ndiyo maana hasi 1.0 utaihisi Nyang'oro kuliko hiyo hasi 0.2 ya sasa. Lakini kona hizo ni sehemu ndogo ya safari. Sehemu kubwa kutoka Dodoma kupita Mtera ni barabara iliyonyooka, na kwa hasi 3 utakuwa unakanyagia upande wa ndani tu, hata unapofunga breki ghafla mbele ya ng'ombe. Kama unapenda sana kona, nenda hasi 1.5 mbele, pande zote sawa, na ukubali kuhamisha matairi kila kilomita 5,000. Sikushauri zaidi ya hapo kwa gari linalokupeleka kazini Mtumba kila siku.

Kuhusu matairi mapya, subiri bolti zirekebishwe kwanza. Na usinunue mawili. Injini ya gari lako huzungusha magurudumu yote manne, na ukiweka mapya mbele na yaliyochakaa nyuma, mizunguko yake haitalingana, difu ya katikati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, itafanya kazi bila kupumzika na itachemka. Nunua manne ya aina moja, tembea kilomita 500, kisha rudi gereji nati za zile bolti za kemba zikazwe tena kwa spana ya kipimo, na upitishe kiganja chako juu ya kila tairi kabla ya kuondoka.