Muulize Fundi: Ukuta Mnene wa Monadnock

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma Chicago, na kila siku napita jengo la matofali la ofisi na maduka, Monadnock. Upande wa kaskazini ukuta wa chini ni mnene ajabu, wa kusini mwembamba. Kwa nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unapita mbele ya jengo ninalolipenda kuliko yote ya tofali. Hapo ni majengo mawili yaliyoshikana. La kaskazini, la 1891, lina ghorofa 16, na kuta zake za nje zinajibeba zenyewe kwa tofali. Ndiyo maana chini unene unafika karibu mita 1.8! Nimeshika mwiko maisha yangu yote, sijawahi kujenga hata nusu ya hapo. Kadiri unavyopanda, ukuta unapungua.

La kusini lilikamilika 1893, kazi ya wasanifu majengo Holabird na Roche. Hilo lina mifupa ya chuma. Tofali ni vazi tu. Miaka miwili tu, ujenzi ukabadilika kabisa.

Chicago ina udongo wa mfinyanzi, laini. Wajenzi walijua jengo la kaskazini, kwa uzito wake, litatitia, ila lilititia kuliko walivyokadiria.

Kesho simama kwenye pembe ya kaskazini, upapase tofali. Pembe imeviringwa taratibu, na kwa ajili hiyo yalifinyangwa matofali ya umbo maalumu. John Root, msanifu aliyelichora jengo hilo la kaskazini, alifariki Januari 1891, kabla halijakamilika. Inaniuma mpaka leo.