Kwa wewe unayekuja Lubumbashi: namna ya kupanda taksi-bisi

Binti wa mama mdogo alinipigia simu kutoka Kasenga. Amepata nafasi UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anakuja mwezi ujao, na swali lake la kwanza halikuhusu masomo. "Yaya, ile bisi ya mjini napanda namna gani?" Nilimwelewa. Kasenga tumekulia miguu na baiskeli. Nilimweleza mpaka unite, yaani salio la simu, zikaisha, na yaliyobaki nayaandika hapa, maana wanaokuja kama yeye ni wengi.

Shika kwanza jina la mahali unapokwenda. Njia hutangazwa kwa mdomo: resevere, yule anayekusanya nauli, ananing'inia mlangoni akiita "Kenya! Kenya!" na wewe mgeni unashangaa. Hiyo ni komini ya Kenya, moja ya komini, yaani wilaya, saba za mji huu. Lakini jina la mtaa peke yake halitoshi. Siku yangu ya kwanza nilisema "Kasapa" tu, kisha nikashuka pale nilipoona wengi wanashuka. Kasapa kuna kampasi ya chuo, na kuna gereza pia. Nilijikuta katikati ya akina mama waliobeba vyakula vya ndugu zao waliofungwa. Mmoja aliweka sufuria yake chini, akanishika mkono na kunionyesha njia ya kurudi. Kwa hiyo sema: "Kasapa, kampasi." Taja soko, kanisa au kona iliyo karibu. Mwambie resevere kabla hujakaa, halafu mwambie na mama aliye pembeni yako: "Mama, samahani, tukikaribia uniambie." Resevere ana watu wengi kichwani, atakusahau. Mama hatakusahau. Miaka yote hii sijamwona hata mmoja aliyekataa.

Nauli uliza kwa abiria wenzako kabla gari haijafika, kwa sababu inabadilika mafuta yakipanda, na mvua ikinyesha wengine huongeza. Beba noti ndogo. Hili nalisisitiza kwa sababu limeniumiza. Ukitoa noti kubwa, resevere anaweza kukuunganisha na mtu usiyemjua: "Muko babili, mutagawana." Anawapa noti moja yenye chenji ya wote wawili, na mwenzako ndiye anayeishika. Sasa lazima mshuke pamoja, mtafute muuza unite wa kuivunja. Mara moja mwenzangu alishuka kituo cha kabla ya changu, mimi nikiwa nimebanwa nyuma. Chenji ile ilikuwa ya kurudi nyumbani, basi nilitembea kutoka mjini mpaka Ruashi jua likizama. Tangu siku hiyo nauli kamili inakaa mkononi kabla sijapanda, na pesa nyingine mahali tofauti. Kama huna noti ndogo, sema mapema, kwa sauti ya heshima lakini watu wasikie: "Rudisha yangu peke yake, papa."

Jambo linalonitia hofu zaidi ni mlango, na wageni wachache huambiwa. Magari mengi ya hapa yalitengenezwa kwa nchi ambako watu huendesha upande wa kushoto, kama Japani au majirani zetu wa Zambia. Usukani uko kulia, na mlango wa abiria unafungukia kushoto. Sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia. Maana yake gari likisimama pembeni, mlango haufungukii kwenye ukingo wa barabara, unafungukia katikati, pikipiki zinapopita kwa kasi. Nimeona kijana akigongwa mguu mmoja ukiwa bado ndani. Kabla ya kushuka toa kichwa, tazama nyuma, subiri. Resevere atapiga kelele "Haraka, haraka!" Mwache apige. Na ukishashuka, zunguka nyuma ya gari, usipite mbele yake, kwa maana shofere anaondoka wakati wowote.

Ndani mtakaa bane bane, yaani wanne wanne, kwenye kiti cha watatu. Begi liwe mapajani, simu isiwe mfuko wa nyuma. Kile kiti cha kukunja karibu na mlango kikwepe kama una mzigo, utasimama kila kituo kuwapisha watu. Mzigo mkubwa unalipiwa. Patana bei ukiwa bado chini.

Muulize pia resevere kama gari linafika mpaka mwisho. Asubuhi watu wanapokuwa wengi, mengine hukata safari katikati na kukudai nauli ya pili. Usiku usipande gari lenye wanaume wawili watatu tu, hata kama limekusimamia wewe peke yako. Bora usubiri lenye akina mama na vikapu vyao.

Binti yetu nimemwambia afike siku chache kabla ya masomo. Jumapili, watu wakiwa kanisani na magari yakiwa na nafasi, tutapanda wote wawili kutoka Ruashi, tubadilishe gari mjini, tufike kampasi na kurudi. Kwenda nitaongea mimi na resevere. Kurudi ataongea yeye.