Roli mbili, methodi moja: Moose imekataa kwa haki

Kaka, umesema programu yako ya matatu za Kisumu–Busia, uliyoiandika kwa Moose (mfumo wa kuunda madarasa katika lugha ya Perl), imegoma kwa sababu darasa Gari limechukua roli Safari na Malipo pamoja kwa with moja (roli ni furushi la methodi, yaani vitendo, ambalo darasa huazima), na zote zina methodi simamisha. Moja inasimamisha gari stejini Kondele, nyingine inasimamisha makato ya dereva. Moose ingejuaje unataka ipi?

Andika simamisha ndani ya Gari lenyewe. Methodi ya darasa huishinda ya roli. Ukizihitaji zote mbili, zipe majina ya pili kwa -alias, chaguo la with, tuseme simamisha_gari na simamisha_makato, kisha methodi yako ya Gari iite inayofaa. Ila -alias haifuti jina la zamani. Hiyo ni kazi ya -excludes.

Yule aliyekwambia uandike with, lile neno la kuazima roli, mara mbili, kila roli na yake, amekuonyesha njia ya panya. Kosa litanyamaza, ndiyo, lakini roli iliyotangulia ndiyo itakayoshinda, kimyakimya. Mimi yalinikuta Nakuru: mtu akapanga upya mistari ili ipendeze tu, makato yakaacha kusimama, na madereva ndio waliotupigia simu.

Na kama roli hizo umeziandika mwenyewe, kwani simamisha_makato ingekugharimu nini tangu mwanzo?