Ukitaka ruta kubwa, kagua kwanza njia ya vumbi

Fundi akitaka ushauri wa ruta, ile mashine ya mkononi ya kuchimba mifereji na kuchonga kingo za mbao, swali la kwanza ni wati. Siku hizi wati si tatizo. Makita RP2301FC ina 2100, Festool OF 2200 ina 2200, Triton TRA001 ina 2400. Zote zitachimba mninga mkavu kutwa nzima. Kinachozitofautisha ni vumbi linakokwenda, na dukani hakuna anayeliuliza hilo.

Kazi yangu ni milango ya mninga na mkongo, na sasa zaidi makabati ya jikoni ya MDF (mbao za kiwandani za nyuzi zilizoshikwa kwa gundi), maana ndiyo wateja wanayotaka. Vumbi la mninga linachokonoa pua, la mvule linawasha baadhi ya watu ngozi, lakini la MDF ndilo linaloniogopesha. Ni laini kama poda ya mtoto, linaelea hewani muda mrefu, na ndani yake kuna gundi yenye kemikali ya fomaldehaidi. Vumbi la mbao kwa ujumla liliwekwa mwaka 1995 na IARC, wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Ulaya kikomo cha vumbi la mbao ngumu kazini ni miligramu 2 kwa mita moja ya ujazo wa hewa.

Najua jibu la wengi: sisi tunafanyia kazi nje, upepo unachukua. Upepo unachukua, sawa, lakini baada ya wewe kuvuta. Umeinamia biti, kile kisu cha ruta, inayozunguka mara 20,000 kwa dakika, na uso wako ndio uko karibu kuliko kitu kingine chochote. Maranda yanaanguka chini, unafagia, yamekwisha. Lile usiloliona ndilo linaloingia kifuani.

Sasa kabla hujafungua pochi, jiulize ni kazi gani unafanya zaidi. Ukichimba mfereji katikati ya ubao, biti imezungukwa na mbao kila upande, kwa hiyo vumbi halina njia ila kupanda juu. Kofia ndogo ya plastiki juu ya kitako, ile sahani ya ruta inayokaa juu ya ubao, ikiungwa mpira wa kunyonya, inakamata karibu lote. Ukipiga maua kwenye kingo mambo yanageuka. Nusu ya kitako iko hewani, biti inarusha vumbi pembeni na chini, na ile kofia ya juu inabaki kuvuta hewa safi. Hapo unahitaji kifuniko kinachoshuka chini ya kitako na kukumbatia ukingo, au mdomo wa kunyonyea uliofungwa kwenye kile kiongozi cha pembeni kinachofuata ukingo wa ubao. Muulize muuzaji: hivi vyote viwili vimo kwenye boksi au vinauzwa peke yake? Mara nyingi vinauzwa peke yake, na kipuri cha namna hiyo ukikikosa leo Kariakoo unaweza kukisubiri sana.

Kwa upande huu Festool wako mbele, sitaficha. Njia ya vumbi waliifikiria tangu mwanzo, si kitu cha kubandika baadaye. Lakini bei yake inazidi mara mbili ya Makita, na ruta yenyewe ina karibu kilo 8. Kwa kibanda chenye mafundi wawili mimi ningechukua Makita na vifaa vyake vya vumbi, kisha fedha iliyobaki iende kwenye mashine ya kunyonyea.

Maana ruta bila mashine ya kunyonyea ni nusu ya ununuzi. Usiiunge na ile mashine kubwa ya mfuko wa kitambaa yenye bomba la inchi nne. Ile inavuta hewa nyingi kwa nguvu ndogo, inafaa randa na msumeno wa meza. Ukiibana kwenye mdomo mwembamba wa ruta, inabaki kelele tu. Tafuta vakyumu ya karakana ya daraja la M, ambalo chujio lake huzuia asilimia 99.9 ya vumbi. Ya daraja la L ni nafuu na inazuia asilimia 99, na tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke unachovuta kila siku. Kati ya ruta na vakyumu weka pipa la saikloni ili uzito wa vumbi uangukie humo na chujio lisizibe kila saa. Pipa liwe gumu. Ndoo nyembamba hujikunja ikivutwa. Mpira nao uninginize darini, vinginevyo utavuta ruta mkononi mwako wakati mbaya. Na ukitumia mpira wa kawaida kwenye MDF, utakupiga vishoti vya umeme tuli. Upo usiofanya hivyo, ghali kidogo.

Umeme: plagi yetu ya ampea 13 inabeba takriban wati 3000. Ruta ya 2100 na vakyumu ya 1200 kwenye ekstensheni moja zimeshazidi, hata kama vakyumu ina soketi ya kuchomekea ruta. Tumia soketi mbili za ukutani. Na kama unawinda mtumba kutoka Uingereza, ukiona plagi ya njano ya duara, hiyo ni ya volti 110 ya maeneo ya ujenzi. Bila transfoma, utachoma mota kabla hujakata ubao wa kwanza.

Koleti, ile sehemu ya ruta inayobana shingo ya biti, nalo linachanganya watu. Shingo ya biti ya nusu inchi ni milimita 12.7, na zipo biti za milimita 12 kamili. Ya 12 ukiilazimisha kwenye koleti la nusu inchi, inaweza kuchomoka ikizunguka. Chagua nusu inchi: shingo hiyo haitetemeki kama ya robo inchi, na biti ndefu za milango zinapatikana kwa ukubwa huo. Hakikisha pia spidi inapungua, kwa sababu biti pana ya milimita 60 haitakiwi kwenda kwa spidi ya biti nyembamba.

Dukani mwombe muuzaji aunge mpira wa vakyumu kwenye mdomo wa ruta mbele yako. Vipenyo havifanani baina ya kampuni, na adapta ya kufungia kwa selotepu haikai hata wiki. Kisha shusha ruta mpaka chini, uchungulie kama bado unaiona ncha ya biti kupitia ile plastiki. Kofia inayokuzuia kuona utaivua siku ya pili, na ukishaivua hairudi.