Barua kwa mwanangu: Namna ya kuomba udaga mahali unapoandaliwa wali

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo nyumbani, na baba yako anakusalimu. Barua yako nimeisoma. Unauliza ufanyeje, mtakapokuja Desemba na mkeo na watoto, ili ule vyakula ulivyokulia, yaani sato, dagaa, ugali wa udaga wetu wa muhogo uliovundikwa, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na nsansa za majani ya kunde makavu, bila kuwavunjia heshima ndugu na marafiki ambao kila ukibisha hodi hukuandalia wali kwa kuku. Umesema safari iliyopita ulirudi Dar es Salaam umeshiba sana lakini hamu yako haikuisha. Swali hilo ni la haki, nami sitaki urudi tena hivyo.

Ujue kwanza kwamba katika nyumba nyingi za huku udaga na dagaa ni chakula cha kila siku, na mwenye nyumba huona haya kumwekea mgeni kile anachokula yeye mwenyewe siku ambayo hana kitu. Mgeni huchinjiwa. Kwa hiyo ukisubiri mpaka ukaribishwe mezani ndipo useme una hamu ya dagaa, umekwisha kuchelewa: jogoo ameshachinjwa, wali umeshaiva, na aliyepika atadhani mapishi yake yamekukera. Ombi la chakula hupelekwa kabla moto haujawashwa. Tena usilipeleke wewe mwenyewe. Mwachie mdogo wako, kwa sababu mjomba wako wa Igoma na mkewe watamwuliza kwa uhuru kama kweli unataka dagaa au unawahurumia gharama, jambo ambalo kamwe hawatakuuliza wewe usoni. Na maneno yawe ya kutamani, yasiwe ya kukataa. Aseme kwamba kaka ana hamu ya dagaa wa karanga wa mke wa mjomba, asiseme kwamba kaka hataki wali. Ukienda, chukua mchele na sukari, ili watoto wa nyumba ile nao wale kile ambacho wangekila kwa sababu ya ujio wako.

Kwa shangazi yako, hata hivyo, usiombe chochote. Mkeo anakwenda kwake kwa mara ya kwanza, na shangazi amekuwa akimlea jogoo wa siku hiyo tangu aliposikia mnakuja. Mleni. Firigisi itawekwa kwenye sahani yako, nawe uile mwenyewe mbele yake, usimmegee mtoto hata akilia.

Kuhusu marafiki zako uliosoma nao, usizunguke nyumba moja moja, kwa maana ndivyo siku zako zilivyokwisha mara iliyopita. Waite wote hapa kwetu jioni moja, nami nitasimamia jiko. Asubuhi ya siku hiyo twende pamoja soko la samaki la Mwaloni, tufike mapema kabla jua halijawa kali, na nitakuachia wewe uchague samaki, maana naona mjini mmezoea kununua waliokaa kwenye barafu siku nyingi. Sato aliyevuliwa usiku huo macho yake yamejaa na yanang'aa. Ukimfunua shavu, matamvua ni mekundu, hayajageuka rangi ya udongo. Ukimbonyeza mgongoni kwa kidole, nyama inarudi juu yenyewe. Akikosa hata moja katika hayo, mrudishe, muuzaji hatakasirika. Tukifika nyumbani tutawaparua magamba, tuwachanje mbavuni mistari mitatu kila upande, tuwapake chumvi na ndimu, kisha tuwaache mpaka maji yote yachuruzike, kwa sababu samaki mwenye maji hung'ang'ania kikaango na ngozi yake hubanduka. Wachache tutawaacha kwa ajili ya mchemsho wa nyanya na vitunguu, bila kitu kingine, kwa kuwa baba yako hali tena vya kukaanga. Marafiki zako wale kwa mkono kwenye sinia kubwa, ugali katikati, na kichwa kiende kwa yule anayejua kukila. Nakumbuka mlivyokuwa mkikigombania, na natamani sana kuwaona tena mmekaa mkekani namna ile, mkiwa watu wazima wenye familia zenu.

Dagaa wabichi wana sharti lao, nawe umelisahau kwa kukaa mbali na ziwa. Wavuvi wetu huwavua usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za umeme wa jua na betri, na dagaa hufuata mwanga huo pale tu ambapo usiku ni wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi mingi hupumzika na Mwaloni hubaki dagaa wakavu tu. Basi kabla hujakata tiketi, angalia mwezi utakuwa wapi, maana wiki moja tu mbele au nyuma inatosha kukukosesha.

Sasa bibi yako wa Sengerema. Huko ndiko kwenye chakula unachokitamani zaidi, na huko huhitaji kumtuma mtu akuombee. Mpigie simu wewe mwenyewe, umtajie kila kitu kwa jina, kwa sababu mjukuu anayeomba michembe kwa bibi yake anampa furaha ambayo kuku hawezi kuileta. Safari ya Sengerema si ile uliyoizoea. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na ile foleni ya kusubiri kivuko iliyokuwa ikitumalizia nusu ya siku haipo tena. Lakini msiende na kurudi siku hiyo hiyo kwa kuwa tu barabara imekuwa nyepesi. Laleni kwake, kwa sababu michembe yake huchemshwa polepole jioni na kuachwa kwenye chungu, na asubuhi ndipo huliwa ikiwa imelainika, na karanga zilizotwangwa zimeingia ndani yake, pamoja na maziwa ya mgando. Nsansa zake alizichuma yeye mwenyewe kwenye kunde za masika, akazichemsha na kuzianika juani, nazo huziunga kwa karanga hizo hizo. Ugali wa udaga utakuwa mweusi kidogo na wenye harufu yake. Mweleze mkeo mapema, maana kwao Tanga muhogo hupikwa kwa nazi, asije akadhani unga umeharibika. Watoto wapewe matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, watafune huku wakicheza.

Jambo moja nakuomba ukiwa kwake: usimpelekee sangara, hata ukipata mnofu mzuri kiasi gani. Samaki huyo aliletwa ziwani miaka ya 1950, na alipoenea miaka ya 1980 furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa letu, walipungua mno. Bibi yako alikulia kwenye furu, ngege na ningu, na mpaka leo akimwona sangara huanza kuwataja samaki wa utoto wake kwa huzuni. Ukimpata ningu Mwaloni asubuhi mtakayoondoka, hata awe mdogo, mchukulie. Kisha kaa karibu naye jikoni akimpika, umwulize mambo ya ziwa la zamani, na watoto wasikie. Hilo ni muhimu kwangu kuliko milo mingine yote niliyoitaja.

Nijulishe tarehe yenu kabla ya katikati ya Novemba. Mvua zikishika, bibi huzitoa karanga zake zote ziwe mbegu, na akishazipanda hakuna michembe wala nsansa itakayoungwa ipasavyo. Inabidi nimwambie mapema aweke debe moja kando kwa ajili yenu.

Mama yako