Maswali ya Wasomaji: Kashata Zinazolowa, Maziwa Mazito na Jamu ya Embe

SWALI: Bi Mpishi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Tabata. Kila nikipika kashata za nazi huganda vizuri jioni, lakini kufikia asubuhi zimelowa na zinanata vidoleni. Nilishauriwa niongeze ndimu kwenye shira, nikaongeza, na mambo yakazidi kuharibika. Ninakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mama. Aliyekushauri ndimu hakukudanganya, ila alikupa dawa ya ugonjwa mwingine. Ndimu hutiwa kwenye shira ili sukari isirudi kuwa chembechembe: asidi yake, ikisaidiwa na moto, huivunja sukari ya kawaida ikawa sukari mbili nyepesi, yaani glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo hauungani tena kuwa punje kwa urahisi. Kwa shira ya kaimati, ambayo tunataka ibaki laini na ing'are, hilo ndilo linalotakiwa. Lakini fruktosi huvuta unyevu wa hewani kuliko sukari ya kawaida, ilhali kashata tunaitaka kavu. Kwa hiyo kila ulipoongeza ndimu uliifanya kashata iwe na kiu zaidi, na hewa ya Dar es Salaam, hasa katika masika ya Machi hadi Mei, haimnyimi maji mwenye kiu.

Hata hivyo, nadhani kosa kubwa liko kwenye nazi yenyewe. Nazi mbichi iliyokunwa, ukiipima kwa uzito, karibu nusu yake ni maji. Wapishi wengi huiangalia shira kwa makini sana, kisha wakishatia nazi huona kazi imekwisha na kuepua mapema. Maji yale hayajaondoka. Usiku hutoka taratibu na kuyeyusha sukari kwa ndani.

Chukua vikombe viwili vya nazi iliyokunwa, ile nyeupe tu, kikombe kimoja na nusu cha sukari, nusu kikombe cha maji na iliki kidogo iliyotwangwa. Chemsha sukari na maji bila kukorogakoroga, hadi tone la shira likidondoshwa kwenye glasi ya maji baridi lifanye kidonge kinachobonyea kati ya vidole viwili. Hapo tia nazi, punguza moto, na ukoroge kwa mwiko bila kuondoka jikoni. Mchanganyiko utalegea kwanza, kwa sababu nazi inatoa maji yake; usihofu, na wala usiongeze sukari. Baada ya dakika 10 hadi 15 utaona sukari nyeupe kavu ikianza kushika kwenye kingo za sufuria, na ukipitisha mwiko katikati, njia yake itabaki wazi mpaka kitako kionekane. Mama mkwe wangu hakuwa na haja hata ya kutazama. Alisikiliza tu, na mwiko ulipoacha sauti ya majimaji na kuanza kukwaruza, alisema imeiva, nami sikuwahi kumwona akikosea.

Mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta kidogo, sawazisha kwa mgongo wa kijiko, na ukate vipande kashata zingali za moto, lakini usizing'oe wala kuzifunika mpaka zipoe kabisa. Mwaka niliohamia Magomeni nilipika masinia mawili kwa ajili ya hitima, nikayafunika kwa haraka zangu yakiwa bado yanatoa mvuke, na asubuhi yake wageni walikula kashata kwa kijiko. Zikikauka vyema hukaa wiki moja hivi katika kopo lenye mfuniko unaobana. Zikizidi hapo, mafuta ya nazi huanza kubadilika harufu. Wako wanaopika kashata kwa machicha yaliyokwisha kukamuliwa tui, nao ni kweli hawapati tabu ya maji, lakini hawapati utamu pia. Ukitaka kashata za kukaa muda mrefu, pika za karanga, kwa kuwa karanga iliyokaangwa haina maji ya kutoa.

SWALI: Mimi ni kijana, nimepanga chumba Sinza na nina jiko la gesi la mafiga mawili na friji ndogo, lakini sina oveni. Napenda kuwaandalia wageni kitindamlo, ila mapishi mengi yanataka maziwa mazito ya kopo, na kopo moja ni ghali kwa mfuko wangu. Je, yanaweza kupikwa nyumbani?

JIBU: Yanaweza, na hayahitaji ujuzi mkubwa zaidi ya kutokuwa na haraka. Weka lita 1 ya maziwa freshi ya ng'ombe, yasiyopunguzwa malai, katika sufuria pana yenye kitako kizito, pamoja na gramu 250 za sukari. Upana wa sufuria ni muhimu, maana maji hutokea juu, na katika sufuria nyembamba na ndefu utakesha. Acha yachemke kwa moto mdogo sana kwa muda wa saa nzima hivi, ukikoroga kila baada ya dakika chache na kukwangua pembeni, hadi yabaki chini kidogo ya nusu lita. Yakiwa ya moto yataonekana bado mepesi. Yaepue hivyo hivyo, kwa kuwa yatazidi kuwa mazito yakipoa. Yachuje, uyatie katika chupa safi, uyaweke kwenye friji na kuyamaliza ndani ya wiki moja.

Usishangae rangi yake ikielekea kwenye kahawia ilhali ya kopo ni nyeupe. Gail Borden, Mmarekani aliyepata hataza ya maziwa hayo mwaka 1856, aliyachemsha katika chombo kilichoondolewa hewa, na mahali pasipo hewa maji huchemka kwa joto la chini, hivyo maziwa hayaungui. Sisi wa jiko la mafiga mawili tunapata harufu kidogo ya sukari iliyoungua, na mimi binafsi naipenda zaidi hiyo.

Kwa wageni wako, ponda biskuti za chai, uzichanganye na siagi iliyoyeyushwa, na uweke vijiko viwili chini ya kila glasi. Kisha chukua maziwa yako mazito yakiwa baridi, uyatie maji ya ndimu kidogo kidogo huku ukikoroga, na utayaona yakizidi kushikana mbele ya macho yako, kwa sababu asidi huikusanya protini ya maziwa. Mimina juu ya biskuti, panga vipande vya embe au pasheni, na uweke kwenye friji kwa saa tatu au nne. Umeme ukikatika siku hiyo, kaanga tambi nyembamba kwa samli mpaka ziwe za hudhurungi, uziivishe kwa maji machache, sukari, iliki na zabibu kavu. Wageni hawatajua kuwa huo haukuwa mpango wako wa kwanza.

SWALI: Mume wangu ana kisukari. Nikitumia asali badala ya sukari katika visheti na kashata, atakuwa salama?

JIBU: Hapana, dada yangu. Takriban asilimia 80 ya asali ni sukari hizo hizo za glukosi na fruktosi, nayo hupandisha sukari ya damu. Kiasi anachoweza kula kipangwe na daktari wake. Tena, kama kuna mtoto mchanga nyumbani, mtu yeyote asimpe asali kabla mtoto huyo hajatimiza mwaka mmoja, kwa maana inaweza kuwa na mbegu za vijidudu vya sumu ambazo tumbo lake bado haliziwezi.

SWALI: Mimi ni mstaafu wa Kigamboni. Uani nina mwembe dodo, na msimu ukifika maembe huanguka mpaka wajukuu wanayakinai. Nilijaribu jamu mara mbili: ya kwanza ilibaki kama uji, ya pili iliota ukungu. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Jamu huganda kwa vitu vitatu vikikutana: sukari, asidi, na pektini, ambayo ni utomvu wa asili uliomo ndani ya tunda. Embe lililoiva sana lina sukari ya kutosha lakini pektini yake imekwisha kulegea. Kwa hiyo kwa kila kilo 1 ya nyama ya embe, fanya robo yake iwe ya maembe ambayo hayajaiva vizuri, au uongeze mapera mawili magumu, kwani pera lina pektini nyingi. Tia gramu 700 za sukari na maji ya ndimu tatu. Chemsha kwa moto mkali huku ukikoroga, na ujihadhari, kwa sababu jamu ya embe hurukaruka na huunguza vibaya kuliko maji.

Mwenye kipimajoto aepue kwenye nyuzi 105 za Selsiasi. Asiye nacho aweke kisahani kwenye friza tangu mwanzo, adondoshe kijiko kidogo cha jamu juu yake, asubiri dakika moja, kisha aisukume kwa kidole: ikijikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, imeiva, ikitiririka, irudi motoni.

Ukungu wako, kwa jinsi ninavyoona, uliingia kwa njia ya chupa. Chupa za kioo na vifuniko vyake vichemshwe kwa dakika 10, vipinduliwe juu ya kitambaa safi vikauke vyenyewe bila kufutwa, na jamu imiminwe ikiwa ya moto hadi karibu na mdomo wa chupa. Kila anayechota atumie kijiko kikavu, na hapo wajukuu ndio wa kuangaliwa zaidi. Ukipunguza sukari, jamu italiwa vizuri tu, lakini itabidi ikae kwenye friji na imalizwe ndani ya wiki mbili au tatu. Na ukiona tena ukungu juu, usiukwangue na kula kilicho chini, kwa sababu nyuzi zake hupenya ndani mahali usipopaona. Chupa hiyo uitupe yote.