Jibu: Usisaini hiyo barua ya kuacha kazi

Dada, weka kalamu chini.

Umeandika kwamba una mimba ya miezi mitano, unakaa kesi (pale pa kupokea pesa za wateja) kwenye depo hapa Lubumbashi, patroni amekuambia "andika barua ya kuacha kazi, ukizaa utarudi palepale", na sasa unatuomba tukunyooshee Kifaransa cha hiyo barua. Kifaransa! Changu kilikuwa safi kabisa. Barua iliyonitoa kazini haikuwa na kosa hata moja la herufi.

Mimi nilikuwa na miaka minne kwenye depo ya simenti na mabati, njia ya Kasumbalesa. Kesi mimi, stoku mimi, kumkumbusha patroni sikukuu ya kuzaliwa ya mke wake mimi. Dola 250 kwa mwezi. Tumbo lilipoanza kuonekana akaniita ofisini, akasema wateja wanaona haya kumharakisha mama mwenye mimba. Barua ilikuwa imeshachapwa, tarehe tu ndiyo ilikuwa haijajazwa. Akanipa kalamu yake mwenyewe, ile ya rangi ya dhahabu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Na mimi, akili za kuku wa kizungu, nikafurahi kuishika.

Lakini patroni simlaumu sana, mamba kazi yake ni kuuma. Hasira yangu iko kwa mama wa personeli, anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi. Nilimfuata koridoni kabla ya kusaini, nikamuuliza kama mtoto anavyomuuliza mama yake. Akanishika bega: "Saini tu, mwanangu, ni mambo ya karatasi. Hata mimi nilifanya hivyo kwa mtoto wangu wa pili." Uongo mtupu! Baadaye mlinzi akaniambia yule mama alikaa likizo yake yote, akalipwa, na patroni akampelekea kuku wawili. Mpaka leo nikimwona mtaani Kamalondo navuka barabara, si kwa hofu, ni kwa usalama wake.

Narudi mtoto akiwa na miezi mitatu, nakuta kijana kwenye kiti changu, juu ya mto wangu niliouchoma sindano mwenyewe kwa kipande cha kitenge. Analipwa 350. Nauliza kwa nini, patroni anasema yule ana familia ya kulisha. Na mimi mgongoni nilikuwa nimebeba nini, boga?

Nikaenda kwa inspekta wa kazi. Mtu mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza karatasi upande wangu, akaweka kidole chini ya saini. "Mama, hii ni yako?" Ni yangu. "Hapa umeandika unaondoka kwa sababu zako binafsi." Nikamwambia sababu yenyewe ndiyo hii inayolia mgongoni. Akacheka kidogo, akanirudishia karatasi.

Siku hiyo ndipo nilipofundishwa. Sheria ya Kazi ya Kongo (DRC) ya 2002, kifungu cha 130: likizo ya uzazi ni wiki 14 mfululizo, zisizozidi 8 baada ya kuzaa na 6 kabla, unalipwa theluthi mbili za mshahara, na muda wote huo mwajiri hawezi kuvunja kontra, yaani mkataba wa kazi. Kifungu cha 62: mimba si sababu halali ya kumfukuza mtu. Sasa umeona ujanja wao? Hawawezi kukufukuza, ndiyo maana wanakuomba ujifukuze mwenyewe, tena kwa kalamu nzuri.

Piga hesabu ya ile 250 yangu: ni zaidi ya dola 500 nilizoacha mezani. Nilipewa mfuko wa unga wa kilo 25 na baraka za mdomo. Mwaka mzima nikauza samaki wa thomson soko la Kenya (Kenya yetu ya hapa mjini, wasomaji wa mbali msidhani nilivuka mipaka). Samaki nawajua vizuri sasa, asanteni.

Mwenye mimba anaandika barua moja tu: ya kuomba likizo ya uzazi. Ambatanisha cheti cha daktari, toa nakala mbili, moja wakupigie muhuri wa kupokea na tarehe, uende nayo nyumbani. Nyumbani, si kwenye droo ya kesi. Usiniulize nilijuaje. "Utarudi palepale" kama ni kweli aiandike na aisaini yeye. Utaona kalamu ya dhahabu inavyoisha wino ghafla.

Uliuliza kama mume naye asaini. Hapana, mambo ya ruhusa ya mume yalifutwa kwenye sheria ya familia 2016, huyo patroni amechelewa. Na uliuliza kitu kingine, nadhani kuhusu wenzako wanaokucheka, au kazi ya kubeba katoni? Nimeshasahau, damu imenipanda.

Kwanza nijibu: hiyo barua nani ameichapa, wewe au yeye? Na tarehe, imeshajazwa?